Deni Lisilo na Sabato

SOMO LA 6

Sabato Alasiri

SOMA KWA AJILI YA FUNDISHO LA JUMA HILI: Kut. 22:25–27, Law. 25:35–38, Kumb. 15:1–11, Kumb. 24:6, 10–13, Neh. 5:1–13, 2 Sam. 12:1–7, 2 Fal. 4:1–7, Lk. 4:16–21.

FUNGU LA KUKARIRI: Mambo ya Walawi 25:35, 36. Lisome katika Biblia yako na kulikariri. Zingatia sababu ambayo Mungu anaitoa anapokataza riba: ndugu aliyepungukiwa apate kuishi pamoja nawe.

Fikiria mama mmoja muuza mboga katika soko la Keroka, nchini Kenya. Ni Alhamisi alfajiri, na gari la kabichi na nyanya limefika. Anatakiwa kulipa shilingi 3,000, lakini simu yake ina salio la 1,000 tu. Anabonyeza hata hivyo, na simu inakamilisha malipo kwa kumkopesha zile 2,000 zilizopungua. Mboga anazipata. Kisha mvua inanyesha siku hiyo na siku ya pili yake, wateja wanakuwa wachache, nyanya zinaanza kulainika. Ijumaa jua linapokaribia kutua anafunga kibanda, anakwenda nyumbani, anawakusanya watoto wake kuipokea Sabato. Yeye anapumzika, na biashara yake inapumzika. Ada ya lile deni haipumziki. Siku ya Sabato inaongezeka kama ilivyoongezeka Ijumaa.

Mkopo wa namna hii, wa kutumia fedha kupita salio, huitwa ovadrafti. Kwa miaka mingi ulikuwa jambo la wenye akaunti za benki. Mwezi Januari 2019, Safaricom ikishirikiana na benki mbili iliuingiza katika M-Pesa kwa jina la Fuliza. Jina lenyewe ni la Kiswahili: kufuliza ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma. Mteja hutozwa asilimia 1 anapokopa, na baada ya hapo ada ya kila siku kulingana na kiasi anachodaiwa. Mwaka 2022 ada hizo zilipunguzwa, na waliokopa hadi shilingi 1,000 wakapewa siku 3 bila ada ya kila siku. Hata hivyo, swali lililoulizwa tangu mwanzo bado linaulizwa sokoni, ofisini na hata katika ua wa kanisa: Je, ada hizi ni za haki kwa mteja?

Wapo wasemao kwamba aliyekubali masharti asilalamike. Wapo wasemao kwamba huu ni unyang'anyi. Biblia haitaji simu wala ovadrafti, lakini inamfahamu vizuri mtu aliyepungukiwa, na inamfahamu pia anayemkopesha. Juma hili somo linachunguza kile ambacho Mungu anawauliza wote wawili.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mkopeshaji Anayesimama Nje

Soma Kutoka 22:25–27 na Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13. Mungu anamwekea mkopeshaji mipaka gani? Kila mpaka unalinda kitu gani katika maisha ya mkopaji?

Sheria ya Mungu haikatazi kukopesha, wala haimkatazi mkopeshaji kuchukua rehani. Inatambua kwamba aliyetoa mali yake ana haki ya kurudishiwa. Lakini haki hiyo imewekewa mipaka. Jiwe la kusagia halichukuliwi rehani, kwa sababu kulichukua ni kuuchukua unga wa kesho. Vazi la maskini lililowekwa rehani linarudi kwake kabla ya usiku, kwa sababu ndilo analojifunika. Mpaka wa tatu mara nyingi wasomaji huupita haraka: mkopeshaji haruhusiwi kuingia katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Atasimama nje, naye mdaiwa atamletea.

Mungu wa mbingu na nchi aliona vema kutunga sheria juu ya mlango wa maskini. Mtu aweza kuwa na deni na bado akawa na nyumba, na ndani ya nyumba hiyo yeye ndiye anayejua kipi kinaweza kutolewa na kipi kikitolewa watoto watalala njaa.

Ovadrafti ya simu hujilipa yenyewe. Fedha yoyote inayoingia huchukuliwa kwanza kulipia deni. Hili lina upande wake mwema, kwa maana deni hupungua mapema na ada hukoma mapema. Tena mteja aliambiwa hivyo alipojiunga. Lakini rudi kwa yule mama wa Keroka. Jumapili mtoto wake ana homa, na kaka yake aliye Nairobi anamtumia shilingi 500 za dawa. Ujumbe wa kupokea fedha unaingia, na papo hapo ujumbe wa pili unamjulisha kwamba zote zimelipia deni. Mkopeshaji hakusimama nje. Ameingia ndani, amechukua, na hajui kama alichokichukua kilikuwa ziada au kilikuwa vazi la usiku.

Hakuna mtu aliyemkusudia mama huyu mabaya. Mtambo umefanya ulichoagizwa. Hata hivyo katika Kutoka 22:27 Mungu anasema kwamba mtu kama huyu akimlilia, atamsikia, maana yeye ni mwenye rehema. Kutokuwa na nia mbaya hakumwondolei mkopeshaji wajibu wa kujua anachochukua.

Je, umewahi kudai haki yako kwa njia iliyomvunjia mdaiwa wako heshima? Ungeweza kusimama nje namna gani?

JUMATATU

Sehemu ya Mia

Soma Nehemia 5:1–13. Watu walilalamika kuhusu nini? Nehemia alianza na nani alipotaka kuleta marekebisho?

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa ukijengwa, na kutoka nje palikuwa na maadui. Lakini kilio kilichomkasirisha Nehemia katika sura hii kilitoka ndani. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa; wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme; na watoto wao walikuwa wakienda utumwani. Waliowakopesha hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zao.

Katika aya ya 11 Nehemia anawataka wakuu warudishe mashamba, na pamoja nayo sehemu ya mia ya fedha na nafaka waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi huelewa kwamba sehemu hiyo ya mia ilikuwa asilimia 1 kwa mwezi. Chukua sasa mfano wa hesabu ya leo. Mtu anadaiwa shilingi 2,000, na ada yake ni shilingi 20 kwa siku. Hiyo nayo ni sehemu ya mia, ila ni ya kila siku. Akikaa nayo siku 30, ada ya kila siku imefikia shilingi 600, mbali na shilingi 20 alizotozwa alipokopa. Deni la 2,000 limekuwa 2,620.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Akilipa baada ya siku moja, mkopo wote umemgharimu shilingi 40. Pengine nauli ya bodaboda ya kwenda kukopa kwa jamaa ingezidi hapo. Mkopeshaji naye ana gharama zake, na wako wakopaji wasiorudisha kabisa. Yesu mwenyewe, katika mfano wa talanta, alitaja watoao riba bila kuwalaani (Mt. 25:27). Hivyo ada ileile ni nyepesi kwa mwenye mshahara wa kesho, na ni nzito kwa asiye na uhakika wa kesho. Ugumu uko hapo hasa: anayekawia kulipa ndiye aliyepungukiwa zaidi, na ndiye anayelipa zaidi.

Tazama tena aya ya 10. Nehemia anakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamekopesha fedha na nafaka, na anajijumuisha katika wito wa kuiacha riba. Hakuwanyoshea wakuu kidole akiwa ameficha mkono wa pili. Mshiriki anayelalamikia ada ya simu, huku kikundi chake cha akiba kikimtoza jirani asilimia 10 kwa mwezi, anahitaji kuisoma aya hii polepole.

Ni nani anayelipa zaidi kwa sababu alikuja kwako akiwa na shida?

JUMANNE

Si Alikubali Mwenyewe?

Soma 2 Samweli 12:1–7 na Mithali 22:22, 23. Tajiri wa mfano wa Nathani alimkirimu mgeni wake kwa gharama ya nani?

Hoja yenye nguvu zaidi katika kutetea ada za ovadrafti ni makubaliano. Masharti yaliandikwa. Mteja aliyakubali. Hakuna aliyemshika mkono.

Hoja hiyo iliwahi kufikishwa katika mahakama kubwa kuliko zote nchini Uingereza. Huko wateja wengi waliozidisha salio la akaunti zao bila kupatana na benki kwanza walilalamika kwamba ada walizotozwa hazikuwa za haki. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ada zile zilikuwa sehemu ya bei ya huduma zote za akaunti, na kwa hiyo mdhibiti wa biashara hakuweza kuzipima kwa kanuni za masharti yasiyo ya haki kwa kuangalia kama kiasi chake kililingana na huduma iliyotolewa. Majaji wenyewe walieleza kwamba hawakuwa wakiamua kama ada hizo ni za haki au la. Waliulizwa swali la sheria, wakajibu swali la sheria.

Jambo moja lililojitokeza katika kesi ile linastahili kutafakariwa. Zaidi ya asilimia 30 ya mapato ambayo benki hizo zilipata kutoka kwa akaunti za watu binafsi yalitokana na ada hizo. Wenye salio la kutosha walihudumiwa bila kutozwa ada ya akaunti, na sehemu kubwa ya gharama ya ukarimu huo ilibebwa na waliopungukiwa. Nathani angeutambua mtindo huu. Tajiri wa mfano wake alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi sana, lakini mgeni alipofika, aliyechinjwa alikuwa mwana-kondoo mmoja wa maskini. Mgeni alikula akashiba, na yaelekea hakuuliza nyama imetoka wapi.

Uingereza haikuliacha jambo lile hapo. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 mdhibiti wa huduma za fedha alizizuia benki kutoza ada maalumu za kila siku au kila mwezi kwa ovadrafti. Badala yake zilitakiwa kutoza riba moja ya mwaka iliyo wazi, wala zisimtoze aliyezidisha salio bila mapatano zaidi ya aliyepatana nazo. Benki nyingi ziliweka riba ya karibu asilimia 40. Haki ilisogea hatua moja, lakini haikufika mwisho wa safari.

Makubaliano ni kitu cha thamani mbele za Mungu; mtu wa Zaburi 15 hushika neno lake hata kwa hasara. Lakini Mambo ya Walawi 25 haiulizi tu kama ndugu alikubali. Mtu mwenye njaa hukubali mengi. Inauliza kama, baada ya kukubali, ataweza kuishi pamoja nawe.

Unafaidi huduma gani ambayo gharama yake inabebwa na mtu maskini kuliko wewe?

JUMATANO

Mwaka wa Maachilio

Soma Kumbukumbu la Torati 15:1–11. Mungu aliweka mwisho gani wa madeni? Ni wazo gani la moyoni analolionya katika aya ya 9?

Waadventista huifahamu Sabato ya siku ya saba. Torati inaonyesha kwamba kanuni ya Sabato ilifika mbali kuliko siku hiyo. Nchi ilipumzika mwaka wa saba (Law. 25:4). Na mwisho wa kila miaka saba yalikuwako maachilio ya madeni: mkopeshaji aliachilia alichomkopesha jirani yake. Mungu aliyemwambia mchungaji, mkulima, mtumishi na punda wapumzike, aliliambia na deni lipumzike.

Sababu yaonekana wazi. Mtu huweza kukaa nyumbani siku ya Sabato, akaimba na kuomba, na bado akilini anahesabu. Deni lisilo na mwisho humnyang'anya mtu pumziko hata mikono yake ikiwa imetulia. Ndiyo maana yule mama wa Keroka, aliyeketi kanisani Sabato ile, hakusikia nusu ya hubiri.

Hata sheria za wanadamu zimegusa ukweli huu. Tangu tarehe 1 Mei 2007 Sheria ya Benki ya Kenya inaweka kikomo kwa mikopo iliyoacha kulipwa: riba inayoendelea kudaiwa baada ya hapo haiwezi kuzidi deni lililokuwapo mkopo ulipoacha kulipwa. Waliotunga kanuni hiyo walitambua jambo ambalo Musa aliliandika zamani, kwamba lazima pawe na mahali ambapo deni linaambiwa basi.

Mungu alijua pia kwamba maachilio yangewatisha wenye mali. Katika aya ya 9 anamwonya mtu anayeuona mwaka wa saba umekaribia, akamnyima ndugu yake mkopo kwa kuogopa hasara. Onyo hilo linafaa kusikiwa na wote wanaotaka ada zipunguzwe. Rehema ina gharama, na lazima awepo wa kuibeba. Swali ni kama itabebwa na aliye nacho au na asiye nacho.

Jibu la Mungu lilionekana katika Kristo. Soma Luka 4:16–21. Siku ya Sabato, katika sinagogi la Nazareti, Yesu alisoma habari njema kwa maskini na mwaka wa Bwana uliokubaliwa, akatangaza kwamba Andiko hilo limetimia. Hakuyatangaza maachilio akiwa mbali na gharama yake. Yeye mwenyewe alilipa.

Kama Kristo amekuachilia deni usiloweza kulilipa, jambo hilo linabadilishaje namna unavyowatendea wanaodaiwa na wewe? (Linganisha na Mt. 18:23–35.)

ALHAMISI

Vyombo vya Majirani

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwagiza mjane afanye nini kwanza? Alipopata mafuta, ayatumie kwa utaratibu gani?

Mume wa mjane huyu alikuwa mcha Mungu, tena mmoja wa wana wa manabii. Aliacha deni. Kwa hiyo kanisa lisikimbilie kumhesabu kila mwenye deni kuwa mvivu au mbadhirifu. Hata hivyo nabii hakumfundisha mjane kulikimbia deni. Agizo lake lilikuwa: uza mafuta, lipa deni, kisha wewe na wanao mwishi kwa kitakachosalia. Aliye na ovadrafti afanye vivyo hivyo. Aandike anachodaiwa pamoja na ada yake, alipe mapema kadiri awezavyo, na asiihesabu ovadrafti kuwa sehemu ya mapato yake. Kujiunga na huduma hii ni hiari. Aliyekwisha kulipa aweza pia kujiondoa.

Lakini angalia kwamba mjane huyu alikopa mara mbili. Mkopo wa kwanza ulitaka kuwachukua wanawe wawili. Mkopo wa pili ulikuwa vyombo vitupu kutoka kwa majirani wote, nao hatusomi kwamba walimdai chochote. Mafuta yaliendelea kumiminika maadamu kulikuwa na chombo. Yalipokoma, ni kwa sababu vyombo vilikwisha. Muujiza ulifika hadi pale ukarimu wa majirani ulipofika.

Baada ya ibada, shemasi mmoja mwanamke alimsogelea yule mama wa Keroka chini ya mti.

"Dada, leo umekaa kama mtu mgonjwa. Kuna nini?"

"Ni simu tu, mama. Nilichukua elfu mbili Alhamisi. Mvua imeninyima wateja, na kila kukicha inaongezeka. Nilitaka kutuma sadaka, nikaona nitatuma ya kukopa."

"Na hukutuambia?"

"Ningeanzaje, mama? Simu haiulizi maswali."

Jibu hilo linalihukumu kanisa zaidi kuliko benki. Watu wengi hukopa kwenye simu si kwa kuwa ni rahisi kwa bei, bali kwa kuwa haiwaaibishi. Haiwasimulii wengine. Haiwahubirii. Ikiwa ndugu aliyepungukiwa anaona ni afadhali kulipa ada ya kila siku kuliko kumwambia shemasi, kanisa nalo limemtoza ada yake, nayo ni aibu.

Kuna chombo gani kitupu nyumbani kwako ambacho jirani angeweza kukiazima bila aibu wala faida?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma katika kitabu Wazee na Manabii, cha Ellen G. White, sura inayoeleza jinsi Mungu alivyowatunza maskini. Humo anafafanua kwamba sheria za Israeli kuhusu mali zilikusudiwa kuwabariki matajiri sawasawa na maskini, kwa kuwa zilizuia choyo. Mwandishi huyohuyo aliwashauri waumini waliepuke deni kama mtu anavyoepuka ndui. Mashauri haya mawili yanakwenda pamoja: mmoja asikimbilie kukopa, na mwingine asijitajirishe kwa upungufu wa mwenzake.

Kwa hiyo, je, ada za ovadrafti ni za haki? Maandiko hayatoi kiwango cha shilingi. Yanatoa kipimo. Ada inayolipia gharama ya kweli, iliyo wazi, yenye mwisho, na inayomwacha mkopaji akiwa na vazi lake la usiku, inaweza kusimama mbele za Mungu. Ada inayozidi kumwelemea mtu kadiri anavyozidi kupungukiwa, isiyojua inachukua nini wala itakoma lini, haiwezi kusimama, hata kama ilikubaliwa kwa kubonyeza mara moja. Na Mkristo aliyekwisha kulitambua hilo hamalizi wajibu wake kwa kuilaumu benki. Anatafuta ndugu yake ameketi wapi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mshiriki ana salio sifuri, naye anataka kutuma sadaka kwa ovadrafti. Mngemshauri nini? Je, ushauri ungekuwa tofauti kama ni zaka ya mapato aliyokwisha kuyatumia?

2. Mwadventista anafanya kazi katika benki, na mojawapo ya kazi zake ni kupanga ada za mikopo midogo. Sheria ya nchi inaruhusu ada iliyopendekezwa. Mipaka ya Kumbukumbu la Torati 24 ingemwongozaje?

3. Jadilini riba inayotozwa na vikundi vya akiba ambavyo washiriki wa kanisa lenu wamo. Anayekawia kulipa hutendewaje?

4. Kanisa lenu lingewezaje kumsaidia mtu kama yule mama wa Keroka bila kumwaibisha na bila kumzoeza kutegemea? Chagueni hatua moja ambayo darasa hili linaweza kuianza kabla ya Sabato ijayo.